Mama Wakwe Hawakabidhiwi

Tangazo la kazi yangu nililiona kwenye kundi la wasap la kwaya. Aliyelituma alikuwa mwenzangu wa sauti ya pili, na chini yake akaandika: "Wenye vijana waliosoma, fursa hiyo, waichangamkie." Nililisoma nikiwa zizini, simu mkono mmoja, ndoo ya maziwa mkono wa pili. Meneja wa Mradi, afya ya mama na mtoto, kituo cha kazi Moshi. Majukumu yaliyoorodheshwa pale, yote, nilikuwa nayafanya mimi tangu meneja aliyetangulia alipofungasha virago akarudi kwao. Waliniambia nikaimu kwa muda. Nikakaimu mpaka watu wakasahau kuwa nakaimu, nami mwenyewe nikaanza kusahau. Shirika halikusahau.

Nilikasirika, sitaficha. Hata ng'ombe alijua, maana nilimkamua vibaya akaipiga ndoo teke.

Nilipofika ofisini mjini nilimpigia simu afisa utumishi, makao makuu, Dar. Akanijibu kwa sauti laini ya watu wanaosoma kilichoandikwa: "Ni taratibu tu, mama. Nafasi lazima ishindaniwe. Na wewe unakaribishwa sana kuomba." Kukaribishwa! Nimekaa juu ya kiti, mtu ananikaribisha nije nikiombe. Nilimshukuru, nikakata simu, kisha nikasema maneno ambayo mzee wa kanisa hapaswi kuyasema, na mimi ni mzee wa kanisa.

Nieleze kazi yenyewe, ili mjue nilikuwa nagombania nini. Mradi wetu ulihusu wanawake waliokwisha kujifungua. Mama akitoka hospitali na mtoto wake, anatakiwa arudi kliniki ndani ya wiki chache za mwanzo apimwe presha, aangaliwe kidonda, aulizwe damu inatokaje, mtoto aangaliwe kitovu. Mimi ni nesi, nimekaa wodi ya wazazi nusu ya umri wangu, najua kwamba hizo ndizo wiki zinazoua wakati watu wote wameshapongezana na kurudi makwao. Na kwetu huku mlimani, hizo ndizo wiki ambazo mama haonekani kliniki hata ungempelekea helikopta.

Si kwamba ni mkaidi. Ni kwamba mzazi hatoki. Mwanamke akijifungua, anakaa ndani. Hapiki, hachoti maji, hakati majani ya ng'ombe, hapigwi na upepo. Mama mkwe wake ndiye anayemlea. Anampikia mtori wa ndizi na nyama asubuhi, supu mchana, mlaso wa damu kama kuna mnyama amechinjwa, na kila saa anamsukumia bakuli jingine mpaka binti wa watu anaanza kulia kwa kushiba. Mama mkwe akimlea mzazi vibaya, ukoo mzima utalisema jambo hilo mpaka siku ya mazishi yake. Akimlea vizuri, mzazi anatoka ndani baada ya miezi mitatu amenawiri, shingo ina mikunjo, na mama mkwe anatembea sokoni kama amepandishwa cheo. Hata wale walioolewa na vijana wetu walioko Dar na Arusha, mimba ikikaribia wanaletwa nyumbani.

Meneja aliyenitangulia hakuelewa hilo, au alielewa akaliita kikwazo. Alituma ujumbe kwenye simu za wazazi. Alibandika mabango kwenye zahanati. Akatoa nauli. Wazazi walizisoma zile jumbe huku wanakunywa mtori, wakazifuta.

Nilipoanza kukaimu nikabadilisha kitu kimoja tu. Nikawaambia manesi: acheni kumtafuta mzazi, mtafuteni mama mkwe. Msiende na gari la mradi mkapiga honi barabarani. Gari libaki chini, pandeni kwa miguu katikati ya migomba, zungukeni nyuma ya nyumba, mpige hodi jikoni. Msalimie. Mkae. Mkipewa chakula, mle. Ataulizwa nesi yeyote: wewe ni wa nani, umetoka wapi, mama yako ni yupi? Ajibu bila kuangalia saa. Kisha amsifie mama mkwe kwa kazi anayoifanya, maana ni kazi, halafu aombe ruhusa ya kumwona mgonjwa wake. Hapo mlango wa chumbani unafunguliwa, na kipimo cha presha kinaingia na baraka zote.

Kuanzia Machame mpaka Kirua Vunjo milango ilifunguka. Nilichokosa ni mahali pa kuwasifia hao manesi kwenye ripoti, kwa sababu makao makuu walitaka jambo moja: wangapi wamekuja kliniki. Mama aliyepimwa jikoni kwa mkwe wake, kwao, hakuwa amepimwa.

Mhasibu wetu, mwanamke wa rika langu mwenye ulimi mkali na moyo mzuri, alinishauri nikiwa najiandaa kwa usaili. "Sikiliza, dada. Usiende kule na habari zako za majikoni. Waambie wanachotaka kusikia. Wazazi watakuja kliniki, basi. Ukishakipata kiti, fanya ya kwako. Wewe kunywa mtori, nyama utazikuta chini." Niliona ana akili. Nikakariri maneno yao: wadau, viashiria, uendelevu. Nilikuwa nayasema peke yangu nikipalilia kahawa, na jirani akauliza kama naandaa mahubiri.

Sasa, siku ya usaili iliangukia wakati mbaya kuliko wote. Mke wa mwanangu mkubwa alikuwa ameletwa kutoka Dar kujifungua, na alikuwa ndani kwangu, na mtoto wa kiume mwenye sauti kubwa. Mimi ndiye mama mkwe. Asubuhi hiyo niliamka nikamenya ndizi, nikachemsha nyama, nikaponda mtori, nikausimamia mpaka bakuli likaisha. Nikamkabidhi mkwe kwa wifi yangu kwa ajili ya chakula cha mchana, na maagizo mengi kiasi kwamba wifi aliniuliza kama nasafiri kwenda Ulaya. Nikavaa suti yangu ya bluu. Nilijipulizia manukato, lakini moshi wa jikoni na samli havikubali kushindwa na chupa ndogo. Nikaondoka hivyo hivyo.

Jopo lilikuwa la watu watatu. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja daktari kutoka makao makuu, mtu mzima, macho matulivu. Kulia kwake mwanaume wa miradi, shati jeupe lisilo na kosa. Wa tatu alikuwa ndani ya kompyuta, mwakilishi wa wafadhili, Mzungu aliyejifunza Kiswahili vizuri, uso wake ukigandaganda kila mtandao uliposhika na kuachia. Walikuwa wanatumia chumba changu cha mikutano. Birika la chai lilikuwa langu. Mwanaume wa miradi akaniambia, "Karibu, jisikie huru."

Nilinywa mtori kama nilivyoshauriwa. Wakauliza nitashirikishaje wadau, nikawashirikisha. Wakauliza juu ya viashiria, nikavitaja kwa mpangilio. Yule wa kwenye kompyuta alitikisa kichwa kwa kuridhika, au mtandao ulimtikisa. Waliniuliza nitawafanyaje wazazi wengi zaidi waje kliniki, nikafungua mdomo kuanza kueleza ujumbe wa simu na uhamasishaji, ile hadithi yote niliyokuwa nimeizika kwa mikono yangu. Nilianza vizuri tu. Nilikuwa nakiona kiti.

Ndipo mwanaume wa miradi akaweka kalamu chini. "Mama, samahani kwa swali hili. Tumearifiwa kwamba nyumbani kwako kuna mzazi. Mkweo. Na kwamba tangu atoke hospitali hajaonekana kliniki. Ni kweli?"

Moshi ni mji mdogo, na mlima ni mdogo zaidi. Sikuuliza nani kamwambia.

"Ni kweli," nikasema.

"Sasa kama meneja mwenyewe amemfungia mzazi ndani, atawaambia nini wengine?"

Alitabasamu kidogo. Hilo tabasamu ndilo lililoniharibia kazi, kama kazi iliharibika. Maana viashiria vyote vilinikimbia kichwani.

"Sijamfungia," nikasema. "Ninamlea. Mkwe wangu amepimwa presha na nesi wa mradi huu huu, juzi, kitandani kwangu. Nesi alipitia jikoni. Kidonda kimeangaliwa, mtoto ameangaliwa. Mnachoniuliza ni kwa nini hakutembea kushuka kilima na kidonda cha upasuaji ili ahesabiwe. Hakutembea kwa sababu mimi nimemkataza. Na kwa sababu mmeuliza, yale niliyokuwa nawaambia dakika chache zilizopita, ya ujumbe wa simu, yafuteni. Yamejaribiwa hapa yakashindwa. Wazazi wa huku hawatakuja kliniki. Kliniki itawafuata, kupitia mlango wa nyuma, kwa ruhusa ya mama mkwe. Mkinipa kazi hii ndivyo nitakavyofanya. Mkitaka vingine, mtafuteni mwingine."

Mama mwenyekiti hakukasirika. Aliniuliza swali, na lilikuwa swali la haki. "Mama, na yule mama mkwe anayeficha? Anayeona damu nyingi akasema ni kawaida, akachemsha majani, mpaka tunampoteza binti? Si kila mkwe ni wewe."

Hapo alinigusa. Nimewaona mabinti hao, nimewafunika mashuka. Nikamwambia, "Wapo. Na huyo ndiye hasa ninayemtaka. Huyo hahudhurii semina zenu. Ukimtishia anafunga mlango, na nyuma ya mlango kuna binti anatokwa damu. Lakini nesi aliyekaa jikoni kwake, aliyekula chakula chake, anaweza kumwambia, mama, hii damu siipendi, twende sote. Nimeliona likifanyika. Sijasema ni rahisi, daktari. Nimesema hakuna njia nyingine."

Aliandika kitu. Mwanaume wa miradi alikuwa anatazama dirishani, ambako mlima ulikuwa umejifunika kama kawaida yake watu wa Dar wakija.

"Una swali kwetu?" mwenyekiti akauliza.

"Ninalo moja. Kwa nini mmetangaza kazi yangu?"

Yule wa kwenye kompyuta akasema, "Samahani, sauti ilikatika, unaweza kurudia?" Nikarudia, kwa sauti, polepole. Safari hii nadhani alisikia, maana aligeuka mwekundu kabla mtandao haujamgandisha tena. Nikawaambia chai ipo kwenye birika, nikaondoka.

Mhasibu alinisubiri kwenye korido. Alisoma uso wangu akajishika kichwa. "Umemwaga mtori," akasema.

"Nimemwaga na sufuria."

Simu ilikuja nikiwa jikoni, moto umekolea. Alikuwa mama mwenyekiti mwenyewe. Hilo namsifu, hakutuma barua pepe. Alisema jopo limeridhika sana na uzoefu wangu. Mtu akianza hivyo, ujue umeshakosa. Kazi wamempa mwingine, ana shahada ya usimamizi wa miradi, amesimamia miradi mikubwa mikoa mingine. Nikasema sawa. Kisha akashusha sauti, kama anayeniletea zawadi.

"Ila tunakuhitaji sana, mama. Tunaomba ubaki kama msaidizi wake. Uzunguke naye vijijini, umtambulishe, umkabidhi wale mama wakwe uliojenga nao uhusiano."

Nilikuwa na mwiko mkononi. Nikauweka chini ili nisije nikaurusha.

"Daktari," nikasema, "nitakabidhi ufunguo wa ofisi. Nitakabidhi gari, kompyuta na birika la chai. Mama wakwe sikabidhi. Si mali ya mradi."

"Mama, najua una hasira."

"Ninayo, na ni ya haki."

"Lakini fikiria wazazi."

Hilo ndilo neno wanalokuwekea shingoni. Fikiria wazazi, fikiria wagonjwa, fikiria watoto. Na wewe uliyewafikiria miaka yote, wa kukufikiria hayupo. Nikamwambia manesi wote wanaijua njia, niliwafundisha mimi, na sitamzuia hata mmoja kuipita. Kwangu mimi wangoje barua ya kuacha kazi. Tuliagana kwa adabu.

Baada ya hapo nilienda migombani nikalia. Nasema hivyo ili mtu asidhani mimi ni jiwe. Iliniuma. Nilikuwa nakitaka kile kiti, nilikuwa nakiweza, na nimefika umri ambao viti havitangazwi tena kwa ajili yako. Nililia mpaka nikasikia harufu ya ndizi zinazoungua, nikakimbia ndani.

Mkwe wangu alikuwa amesikia yote. Ukuta wa jikoni ni wa mbao. Alikuwa amekaa kitandani, mtoto kifuani, macho mekundu. "Mama, ni kwa sababu yangu? Kesho nashuka kliniki. Nashuka wanione."

"Hushuki popote."

"Lakini mama, kama ningekuwa nimeenda..."

"Ungekuwa umeenda, wangenikosesha kwa jambo jingine. Kula mtori. Umeungua kidogo, utausamehe."

Mume wangu jioni alisema ningenyamaza kidogo tu ningepata. Yeye ni mwalimu mstaafu, kunyamaza mbele ya wakaguzi kumemfikisha kwenye pensheni. Nilimwambia kwamba kunyamaza nilikuwa nimeanza nako, na kwamba nilipojisikia nikiongea ule uongo niliona aibu kuliko kukosa kazi kwenyewe. Hakubishana. Alikwenda kuwakatia ng'ombe majani, jambo ambalo kwa kawaida hulifanya akiwa anakubaliana nami na hataki kulisema.

Meneja mpya alikuja kwangu kabla mkwe hajatoka ndani. Nilisikia gari kwanza, likipanda kwa gia ya kwanza mpaka mlangoni mwa mbele, kisha honi. Kabla honi haijanyamaza, nesi wangu mmoja, niliyemfundisha tangu akiwa mgeni kazini, alikuwa ameshatokea mlango wa jikoni anahema. Alikuwa ameshukia chini, akapanda kwa miguu katikati ya migomba. "Shikamoo mama. Nilimwambia asipige honi."

"Marahaba. Ingia, nawa mikono. Yuko macho."

Akaingia chumbani na kipimo chake. Huku mbele mtu aligonga, akangoja, akagonga tena. Nilimwacha agonge kidogo, kisha nikazunguka nje. Alikuwa mwanaume wa makamo, viatu vizuri vilivyoshaanza kuharibika, sura ya upole. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na ile sura ikanikera, kwa kuwa haikunisaidia.

"Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu. Nyumba hii imeandikwa ina mzazi ambaye hajaonekana."

"Marahaba. Yupo. Anaonwa sasa hivi."

Alinyoosha shingo kuelekea mlangoni. Nikamwonyesha kigoda chini ya upenu. Chumba cha mzazi hakiingiwi na wanaume, na hilo sikulitunga mimi kwa ajili yake. Akakaa. Mgeni halali njaa kwangu wala hakai njaa, kwa hiyo nilimletea bakuli. Alikula kwa heshima, akamaliza, akasifia, na nadhani alisema kweli. Kisha akalishika lile bakuli tupu kwa mikono miwili.

"Mama, nikuulize kitu. Kila nyumba wananikaribisha. Wananilisha, wananicheka, wananiaga vizuri. Lakini wazazi siwaoni. Ripoti yangu ya kwanza ni mwisho wa mwezi. Manesi wanasema kwako milango ilifunguka. Wewe uliwezaje?"

Hakuwa na kosa. Alisoma tangazo, akaomba, akapewa. Yawezekana alipoomba hawakumwambia hata kwamba kiti kilikuwa na mtu. Kwa sekunde chache nilikuwa na huruma naye, na jibu lote lilikuwa mdomoni, lile lile nililolipa jopo bure siku ile ya usaili wakalikataa.

"Kazi uliipata wewe," nikamwambia.

Akacheka, akidhani namtania. Nilichukua bakuli mikononi mwake, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaingia jikoni, nikafunga mlango kwa komeo.